Matozi ya Yonkers, masikio ya Matondoni

Wazee wengi wakilisikia neno hip hop, picha inayowajia akilini ni ya vijana waliovaa suruali zinazowaponyoka viunoni, wakirusha mikono na kutamka maneno yasiyofaa kusemwa mbele ya mama mkwe. Lawama hiyo ina ukweli wake, na leo hatutaipinga. Lakini ndani ya muziki huo huo imo santuri moja, iliyotolewa tarehe 29 Novemba 1994, ambayo haikujengwa juu ya majigambo wala magari ya kifahari. Imejengwa juu ya mwanamke mmoja anayelia. Jina lake ni "My Life", yaani Maisha Yangu, na mwimbaji wake ni Mary J. Blige.

Santuri hiyo imekwisha kupita miaka 30, na mwaka 2025 Maktaba ya Bunge la Marekani iliitia katika orodha ya sauti za taifa zinazopaswa kuhifadhiwa kwa ajili ya vizazi vijavyo. Mwaka mmoja kabla ya hapo, 2024, mwimbaji mwenyewe aliingizwa katika jumba la heshima la wanamuziki wa roki huko Cleveland, ingawa hajapata kuwa mwimbaji wa roki hata siku moja. Msomaji ana haki ya kuuliza: na sisi yatuhusu nini? Mimi nitajibu kwa kupitia Matondoni, kijiji cha mafundi wa majahazi upande wa magharibi wa kisiwa cha Lamu, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu kutoka mjini Amu. Najua ya kuwa kilio hicho kinaeleweka kule, kwa sababu nilikuwapo kilipoingia.

Msichana wa magorofa ya Schlobohm

Mary alizaliwa Bronx, New York, tarehe 11 Januari 1971, akakulia Yonkers, katika magorofa ya Schlobohm yaliyojengwa na serikali kwa ajili ya watu wa kipato kidogo. Siku moja, akiwa bado kijana, alikwenda kwenye duka kubwa la mji wa White Plains, akaingia katika kijumba cha kurekodia sauti ambacho yeyote mwenye senti zake angeweza kukitumia, akaimba wimbo wa Anita Baker. Kanda hiyo ilipita mkono hata mkono mpaka ikamfikia Andre Harrell, mkuu wa kampuni ya Uptown. Mwaka 1992 ikatoka santuri yake ya kwanza, na watu wakamvika jina la malkia wa hip hop soul.

Jina hilo lafaa lifafanuliwe kwa wasiofuatilia mambo haya. Soul ni muziki wa Wamarekani weusi uliotoka kanisani ukaingia mtaani: sauti inapanda, inavunjika, inaomba. Hip hop ni mdundo mzito wa ngoma na maneno ya kukariri. Kabla ya Mary, mwimbaji wa kike wa soul alitarajiwa asimame jukwaani na gauni refu linalometameta. Yeye alisimama na viatu vya buti na kofia ya mpira, kama msichana yeyote anayengoja basi Yonkers, kisha akafungua kinywa na sauti ya kanisani ikatoka, ikipanda juu ya ngoma za mtaani.

Alipoanza kurekodi santuri ya pili alikuwa na umri wa miaka 23 tu. Jina alikuwa nalo, na fedha alikuwa nazo. Lakini kwa maelezo yake mwenyewe aliyoyatoa miaka mingi baadaye, ikiwa ni pamoja na katika filamu ya mwaka 2021 iliyoongozwa na Vanessa Roth, wakati huo alikuwa amezama katika ulevi, dawa za kulevya, mapenzi yaliyomuumiza na huzuni nzito ya moyo. Amekiri hadharani kwamba kulikuwa na siku ambazo hakutaka kuendelea kuishi. Katika hali hiyo ndipo alipokaa na watayarishaji wake, hasa Chucky Thompson, aliyefariki mwaka 2021, na Sean Combs, ambaye habari zake za mahakamani za miaka ya karibuni si za ukurasa wa familia. Safari hii Mary hakuimba tu maneno ya watu wengine. Nyimbo nyingi za santuri hiyo alishiriki kuziandika yeye mwenyewe.

Santuri ilifika namba saba katika orodha kuu ya mauzo ya Marekani, ikashika namba moja katika orodha ya muziki wa watu weusi, na mauzo yake huko yalithibitishwa kuwa yamepita nakala milioni tatu. Hizo ni hesabu za wafanyabiashara, na zipo santuri nyingi zilizouza zaidi ambazo leo hakuna anayezikumbuka. Hii watu hawaitaji kwa hesabu. Huitaji kwa mambo yaliyowapata: niliisikiliza mwaka ule nilipoachwa, niliisikiliza mama alipokuwa hospitali.

Kwa nini inachoma?

Kwanza ni sauti yenyewe. Mwalimu wa kuimba angeweza kumsimamisha Mary mara nyingi na kumsahihisha. Kuna mahali sauti inakwaruza, kuna mahali inakaribia kupotea njia. Waimbaji wengine wa zama zile, kama Whitney Houston, walikuwa na sauti zinazopanda kama ngazi ya marumaru. Sauti ya Mary inapanda kama mtu anayepanda mnazi huku mkono mmoja unamwuma, na anayesikiliza anashika pumzi pamoja naye.

Jambo la pili ni la ajabu zaidi, na linahitaji sikio la makini. Muziki ulio chini ya huzuni hiyo mara nyingi ni muziki wa furaha. Wimbo unaobeba jina la santuri umejengwa juu ya kipande cha wimbo wa Roy Ayers wa mwaka 1976, "Everybody Loves the Sunshine", wimbo wa kusifu jua, wa watu waliokaa barazani bila haraka. Roy Ayers alifariki Machi 2025, na katika maisha yake wimbo huo ulichotwa na wasanii wengi mno. Wengine waliuchukua kwa ajili ya ule utulivu wake. Mary aliuchukua akausimamisha nyuma yake kama jua linaloingia kwa dirisha la chumba cha mgonjwa. Jua lipo, watu wengine wanalipenda, naye yumo ndani amelala.

Santuri nzima imefumwa hivyo. Kuna kipande cha Curtis Mayfield, kuna cha Barry White, kuna cha Isaac Hayes, kuna cha wasichana walioitwa Mary Jane Girls kutoka mwaka 1983. Na upo wimbo mmoja ambao haukuchotwa kipande bali uliimbwa upya wote, "I'm Goin' Down", uliotungwa na Norman Whitfield na kuimbwa na kundi la Rose Royce mwaka 1976 katika filamu ya "Car Wash". Hapa Mary hakubadili mengi. Aliuacha wimbo ulivyokuwa, akaingia ndani yake kama mtu anayevaa kanga ya marehemu mama yake.

Wakosoaji wa hip hop wamekuwa wakisema tangu zamani kwamba kuchota vipande vya nyimbo za watu ni uvivu, au hata ni wizi. Neno wizi lina mahali pake, maana wapo waliochota bila kulipa, na kesi zake zimefika mahakamani. Lakini neno uvivu, kwa mtu aliyelelewa katika visiwa vya Lamu, halikubaliki. Sisi tuna sanaa hiyo hiyo na tumeipa jina la heshima. Tunaiita takhmisa.

Mashairi juu ya mashairi

Kwa faida ya wanafunzi: mshairi huchukua shairi la mtu aliyemtangulia, lenye beti za mishororo miwili miwili, kisha huongeza mishororo mitatu yake mbele ya ile miwili, kwa kufuata vina vya mwenyewe, hata ubeti unakuwa na mishororo mitano. Ndiyo maana ya jina, kwani asili yake ni neno la Kiarabu la tano. Maarufu kuliko zote ni Takhmisa ya Liyongo, inayonasibishwa na Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, yule yule mtunzi wa Al-Inkishafi. Aliyachukua maneno yanayosemekana kuwa ya shujaa Fumo Liyongo, akaingia ndani yake na kusema ya kwake. Msikilizaji wa zamani, aliyeijua ile mishororo miwili kwa moyo, alikuwa anaisubiri ifike, na ilipofika ilikuwa na maana mpya kwa sababu ya ile mitatu iliyotangulia. Basi fikiria Mmarekani mweusi wa umri wa miaka 40, mwaka 1994, anausikia wimbo wa jua wa ujana wake ukifika akiwa hautazamii, na juu yake kuna binti mdogo anayesema maisha yake hayaendi.

Na hiyo Al-Inkishafi yenyewe, ukiiondoa katika darasa la fasihi na kuisoma usiku peke yako, ni nini? Ni mtu anayeusemesha moyo wake. Anaushika, anauhoji, anaukaripia, anauonyesha majumba ya Pate yaliyokuwa na taa na sasa yamekuwa makao ya popo. Mary naye katika santuri hii anazungumza na mpenzi, na Mungu na wasikilizaji, lakini zaidi ya wote anazungumza na Mary. Simaanishi kwamba viwili hivi vinalingana kwa daraja. Al-Inkishafi ni hekima ya mtu mzima aliyekwisha kuona mwisho wa mambo, na "My Life" ni ya msichana ambaye hajui kama atafika asubuhi.

Matondoni hasa ina haki ya kusikilizwa katika mambo haya. Hapo ndipo alipozaliwa, mwaka 1927, Sheikh Ahmed Sheikh Nabhany, mlezi wa lugha na ushairi wetu, ambaye twamshukuru hata kwa neno runinga. Alilelewa na bibi yake, naye bibi huyo alikuwa mshairi. Utenzi wake wa "Sambo ya Kiwandeo", uliochapishwa Leiden mwaka 1979, unaeleza jahazi tangu linapoundwa mpaka linapoelea, kila ubao na kila kamba kwa jina lake. Tungo zake nyingine zilipata sauti kwa Zein l'Abdin, mpigaji udi aliyezaliwa Amu na kufariki Mombasa mwaka 2016, mwaka mmoja kabla ya Sheikh Nabhany mwenyewe. Zein naye alikuwa na desturi ya kuyafufua mashairi ya kale kwa udi. Neno la zamani, sauti ya sasa. Kanda zake ziliuzwa Mombasa na kuchezwa mpaka utepe ukawa unavutika.

Sauti ya mwanamke mgonjwa nayo si ngeni kwetu. Mwana Kupona binti Mshamu aliandika utendi wake mnamo 1858 akiwa kitandani, akimwusia binti yake, na inasemekana hakuishi sana baada ya hapo. Kila mwanafunzi husoma wasia wake kuhusu mume na nyumba, na kila mwaka darasani kuna wasichana wanaoukasirikia. Wachache hufundishwa kutazama mahali anapoacha kuusia na kuanza kumwomba Mola amwondolee maradhi. Hapo si mwalimu tena. Ni mtu anayeumwa.

Kanda ya dada

Dada yangu mkubwa alirudi nyumbani Matondoni mwaka 1996, kutoka Mombasa, na sanduku moja na redio kaseti. Ndoa yake ilikuwa imevunjika. Hakueleza, nasi hatukuuliza, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyofunzwa: jambo la namna hiyo hupewa stara, na stara maana yake hasa ni kwamba kila mtu analijua na hakuna anayelitaja. Alikuwa na kanda chache za taarabu na moja iliyonakiliwa, isiyo na jalada, iliyoandikwa kwa kalamu "Mary". Hiyo ndiyo aliyoicheza. Asubuhi aliyaanika mabetri juani ili yapate nguvu, na usiku aliicheza tena mpaka sauti ikawa nzito na polepole kama ya mwanamume.

Baba alikuwa fundi wa majahazi, mtu wa tezo na keekee, na alijua mashairi mengi kwa moyo kuliko walimu wangu wote. Hakupenda. Siku tatu alinyamaza. Siku ya nne alisimama mlangoni baada ya sala ya isha akauliza, "Mwanangu, huyu yuwaliliyani?"

Dada alimweleza. Si kwa urefu. Alimwambia ni msichana wa umri kama wake, ana mali na jina, na hana raha. Baba alisimama kidogo, kisha akatoka kwenda barazani. Mama alikuwa ukumbini na mkeka wake. Hakusema kitu, lakini aliusogeza karibu na mlango wa chumba, na wimbo ulipokwisha akamwambia dada aurudishe nyuma. Usiku ule kwa mara ya kwanza walizungumza, mama na bintiye, nami nilifukuzwa nikalale.

Nimelifikiria sana lile swali la baba. Hakuuliza huyu anasema nini, wala kwa nini unacheza muziki wa kizungu ndani ya nyumba yangu. Alisikia kilio kabla ya kusikia lugha. Wazazi wanaosoma ukurasa huu, ambao wana kijana aliyejifungia chumbani na vidude vya kusikilizia masikioni, wanajua ni rahisi kiasi gani kuuliza swali lile jingine.

Fumbo na uwazi

Tofauti ipo, na ni kubwa. Taarabu yetu husema kwa fumbo. Mwanamke aliyeudhiwa haimbi kwamba ameudhiwa; anaimba kuhusu ua, kuhusu ndege, kuhusu chungwa lililooza ndani. Kanga pia husema hivyo, na jirani mwenye akili atasoma na kuondoka. Siti binti Saad, aliyerekodi santuri zake za kwanza Bombay mwaka 1928, alithubutu kuimba kuhusu kesi ya mwanamke aliyeuawa Unguja na haki iliyokosekana, na hilo lilimtofautisha na wote waliomtangulia. Lakini hata yeye alikuwa akiimba kisa cha mwingine.

Mary anajitaja mwenyewe, na maisha yake anayaita maisha yangu. Kwa adabu zetu hiyo ni kujivua nguo hadharani, na sishangai kwamba baba alichukua siku tatu. Hata hivyo mtu aliyepata kuhudhuria taarabu ya harusi Mombasa, akamwona mama mmoja anainuka polepole katikati ya wimbo, anakwenda mbele na noti mkononi, anamtuza mwimbaji huku anamtazama mtu fulani upande wa pili wa ukumbi, anajua kwamba uwazi tunao. Tunauacha ufanywe na msikilizaji. Mwimbaji hutoa fumbo, na yule anayeinuka kutuza ndiye anayesema: wimbo huu ni wangu. Mashabiki wa Mary nao walisema hivyo hivyo, ila hawakuwa na ukumbi wa kuinukia. Walisema wakiwa vyumbani mwao, peke yao, na nadhani hiyo ndiyo sababu mapenzi yao kwake yamekuwa makali hivyo.

Afrika Mashariki ilipata ya kwake baadaye kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Lady Jaydee, binti wa Shinyanga aliyewahi kujaribu kurap kabla ya kuimba, alitoa albamu iliyoitwa "Machozi". Watu wa Amu tungeiita "Matozi". Ilikuwa miongoni mwa albamu za kwanza kutia muziki huo wa mdundo na simanzi katika Kiswahili, sauti laini kuliko ya Mary na yenye stara zaidi, na wasichana wengi wa Dar es Salaam na Mombasa ambao leo ni kina mama wanaikumbuka kama dada yangu anavyoikumbuka ile kanda yake isiyo na jalada.

Kwa familia inayotaka kujaribu, ushauri wangu ni msianze na Mary. Anzeni na Roy Ayers wa mwaka 1976, mzazi na mtoto pamoja, mara mbili, mpaka wimbo wa jua uingie kichwani. Halafu Rose Royce. Ndipo "My Life", kutoka mwanzo hadi mwisho, bila ya kuruka. Wimbo wa mwisho unaitwa "Be Happy", kuwa na furaha, na umejengwa juu ya Curtis Mayfield. Ukiufikia, sikilizeni vizuri jinsi anavyolitamka neno hilo la furaha: kama mtu anayeuliza bei ya kitu dukani huku anajua hana fedha za kutosha mfukoni.